Jimbo Lililonyamaza

1

"Wala mbegu hao! Ficheni magunia yenu jamani, wala mbegu wamepanda mlima!"

Aliyepiga kelele hizo si mlevi wala kichaa. Alikuwa Bi. Kolumba, diwani wa Kata ya Mlimani, mtu mzima mwenye wajukuu na cheo chake, kasimama katikati ya gulio na kapu la viazi kichwani. Na aliyekuwa akitukanwa ni Zamoyoni Mtauka, mtoto wa Bondeni, mwenyekiti wa Halmashauri ya Mtonela. Zamoyoni hakukasirika. Angekasirikaje? Alijishika kiuno akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mitumba.

"Nyamaza wewe, mnyima maji! Koo lenyewe kama bomba bovu, linakoroma kutwa halitoi tone!"

Gulio likaangua kicheko. Mama mmoja muuza dagaa alicheka mpaka akakalia dagaa wake.

Juu ya nguzo ya taa, sikio likawaka rangi nyekundu. Likazima, likawaka tena. Waliokuwa wakicheka wakatazama juu, na kicheko kikapungua, kikaisha.

Sikio ni kisahani cheusi, ukubwa wake kama kifuniko cha birika, na kila nguzo ya taa nchini ilikuwa na lake. Mtu akimwambia mwenzake neno jema, pole, karibu, Mungu akuweke, linawaka kijani: uzi mmoja umeongezwa kati ya hao wawili. Akimtukana, linawaka jekundu: uzi umekatwa. Nyuzi zote za nchi zilikwenda kwa Mfumaji, mtambo wa Tume ya Mipaka, na kila uchaguzi ulipokaribia Mfumaji ndiye aliyechora upya majimbo ya bunge. Penye nyuzi nyingi hapakati. Penye nyuzi chache ndipo anapopitisha mpaka. Hahongeki, hana shemeji, hanywi bia ya mtu. Watu waliochoshwa na mipaka ya zamani, ile iliyokuwa ikipinda ghafla kumfuata mgombea mpaka mlangoni kwake, walimpokea kwa vigelegele.

"Limetusikia," Zamoyoni alisema, sauti imeshuka.

"Lisikie! Kwani nimesema uongo? Hamkula?" Bi. Kolumba alimsukuma bega, akachomoa viazi viwili vikubwa kapuni akamtia mkononi. "Mpelekee mama yako. Mwambie namsubiri afe nirithi kanga zake."

Walikula kweli, hilo halikuwa siri. Bahari ilipopanda na kuumeza mwambao, serikali iliwabeba watu wa pwani kwa malori ikawamwaga pale bondeni, na watu wa mlimani wakawagawia chakula. Kikawa hakitoshi. Usiku mmoja wahamiaji wenye njaa walivunja ghala la mlimani wakala hata mahindi ya mbegu. Msimu uliofuata mlimani hapakuwa na cha kupanda, na watoto wakafa. Ule ndio Mwaka wa Kuhama. Ilikuwa mapanga yatembee. Lakini wazee wa pande mbili walikutana wakakubaliana jambo moja tu: deni hili halilipiki, basi tulitukane mpaka lichoke. Tangu siku hiyo wakawa watani. Mtu wa Mlimani akimwita wa Bondeni mla mbegu, wa Bondeni anacheka na kumjibu mnyima maji, kwa kuwa chemchemi iko kule juu. Anayecheka amekiri, na anayechekwa amesamehe. Wajukuu zao sasa walitukanana bila hata kukumbuka kwamba ni mapatano.

Zamoyoni aliporudi ofisini alikuta watumishi wamekusanyika mbele ya ukuta wa ramani. Ramani ile ilikuwa hai. Mipaka iliyopendekezwa na Mfumaji ilionekana humo ikitambaa siku hadi siku, taratibu, kama konokono ukutani. Miezi yote mstari wa Jimbo la Mtonela ulikuwa umetulia mtoni, mbali kabisa. Sasa ulikuwa umeondoka mtoni. Ulikuwa umepanda, ukapinda, ukalala katikati ya Mlimani na Bondeni.

"Mungu wangu," alisema Zamoyoni. Alivitazama viazi mkononi mwake akaona aibu, hata hakujua ya nini.

2

Afisa wa Tume aliyekuja kusikiliza majibu ya halmashauri aliitwa Gervas, kijana mpole mwenye suti iliyompwaya. Madiwani walikuwa wamejiandaa kumrarua. Ilikuwa vigumu kumrarua mtu anayesema "naomba radhi" kila baada ya sentensi.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa ukumbini. Kwa sheria, maji ni ya jimbo yanamochimbukia. Mlimani ikikatwa, Bondeni haina chemchemi. Bomba litafungwa mpakani, na watu elfu kadhaa watakunywa udongo. Na hospitali iko Bondeni. Mwanamke wa Mlimani mwenye uchungu atavuka mpaka akajifungulie kwenye foleni ya wageni.

"Sisi hatuchukiani, mwanangu," Bi. Kolumba alimwambia Gervas. "Ule ni utani. Kwenu hakuna utani?"

"Upo, bibi. Naomba radhi."

"Basi mwandikieni huyo Mfumaji wenu. Mwambieni Wamtonela wakitukanana wamependana."

Gervas alikohoa kidogo. "Kuna wilaya, sitaitaja, walileta maelezo hayo hayo. Ni utani tu, walisema. Tume ikawaamini, ikawaacha jimbo moja. Kabla ya mavuno nyumba zilichomwa na watu wakiwa ndani. Tangu hapo Mfumaji hapokei maelezo ya mdomo wala ya maandishi. Anapokea masikio."

"Mfundisheni, sasa. Si ana akili?"

"Tukimfundisha kwamba tusi laweza kuwa mapenzi, bibi, kila mwenye chuki atadai ana mapenzi. Atamtambuaje?"

Diwani mmoja wa nyuma aliguna, akauliza kama hayo masikio hayawezi kufunikwa na kikapu. Gervas akaomba radhi tena, akasema sikio likifunikwa, mtaa mzima unahesabiwa kama umekatana nyuzi zote.

Ndipo Zamoyoni aliposimama. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ya gulio, na wazo lake lilikuwa limemjia asubuhi ile ile akiwa anapiga mswaki. Lilimfurahisha kwa wepesi wake, na huenda hapo ndipo angetakiwa kulitilia shaka.

"Kipindi cha Mfumaji kusikiliza kinaisha kipupwe kikiisha," alisema. "Waheshimiwa, mimi sitaki tumdanganye Mfumaji. Nataka tunyamaze. Kuanzia kesho, Mlimani na Bondeni, ni salamu, pole, na asante. Hakuna mla mbegu, hakuna mnyima maji. Kipindi kikiisha tutatukanana mpaka tupasuke."

Watu walicheka kidogo. Bi. Kolumba hakucheka.

"Na misibani?" aliuliza.

"Na misibani."

"Mwenyekiti. Unajua unachokisema?"

"Najua, Bi. Kolumba."

"Mtani haendi msibani kulia. Kulia kuna wenyewe. Mtani anakwenda kulala mbele ya jeneza na kusema huyu marehemu alikuwa mwizi, mchoyo, mguu tege, na haondoki hapa mpaka nipewe changu. Asipofanya hivyo amekwenda kufanya nini? Kuhesabu viatu?"

"Ni kipindi kifupi tu."

"Kifo kinajua vipindi?"

Zamoyoni alijibu kwamba mtoto mwenye kiu hajui vipindi pia. Lilikuwa jibu zuri, na ukumbi ulilipigia meza. Azimio lilipopigiwa kura, mikono ilinyanyuka mmoja mmoja. Wa Bi. Kolumba ulinyanyuka mwisho kabisa, nusu, mkono wa mtu aliye na mkwe mjamzito.

3

Lazima isemwe kwamba amri ilifanya kazi. Magulio yalipoa, watu wakawa wanapeana habari za asubuhi kama wageni ndani ya basi, na masikio yakawaka kijani kutoka nguzo hadi nguzo. Ukutani ofisini, mstari ulianza kurudi nyuma. Zamoyoni alikuwa akiutazama kila akiingia, na moyo wake ulikuwa unapata nafuu. Akihisi kitu kama upweke alijiambia ni uchovu.

Aliyekataa kuelewa ni mama yake. Bi. Somoe alikuwa mgonjwa wa moyo, kitandani tangu kipupwe kianze, na Bi. Kolumba alikuwa mtani wake wa miaka yote. Huyo Kolumba zamani alikuwa akiingia jikoni kwa Somoe bila hodi, anafunua sufuria, anaondoka na paja la kuku, na Somoe anamfukuza kwa mwiko mpaka barabarani. Wote wawili wakirudi nyumbani wana furaha wiki nzima.

Siku alipokuja kumwangalia mgonjwa, Bi. Kolumba alibisha hodi. Somoe alishtuka kwa hilo tu. Dirisha lilikuwa wazi, na nguzo ilikuwa pale pale nje.

"Habari za kuumwa, dada yangu," alisema Bi. Kolumba. "Pole sana. Mungu akupe nafuu."

Nje, kijani.

Bi. Somoe alijiinua kwa kiwiko. "Nani huyu?"

"Ni Bi. Kolumba, mama," Zamoyoni alisema.

"Kolumba gani? Kolumba simjui kwa adabu. Kwani nakufa? Zamoyoni, daktari kakwambia nakufa?"

"Hapana, mama. Ni lile azimio."

"We Kolumba! Nitukane!"

Bi. Kolumba aliuangalia uso wa Zamoyoni, kisha dirisha. Mdomo wake ulicheza. "Ugua pole, dada," alisema hatimaye, akaweka viazi mezani na kutoka, na kule kwenye kibaraza akasikika akipenga kamasi.

Bi. Somoe alijilaza tena, akaugeukia ukuta.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Babu yako alikuwa mmoja wa waliovunja ghala. Nilikuwa mdogo, nililetewa uji wa ile mbegu, nikaunywa. Ulikuwa mtamu. Nimetukanwa kwa uji ule maisha yangu yote, na kila nikitukanwa nilikuwa napumua. Mtani akizibwa mdomo msibani, utani umekufa. Hivyo ndivyo walivyopatana. Na utani ukifa, ile mbegu inarudi kuwa deni."

"Mama, hayo ni ya zamani. Nani atadai mahindi leo?"

"Wewe ni msomi," alisema Bi. Somoe, na hilo halikuwa sifa.

Alifariki alfajiri moja ya baridi, zikiwa zimebaki siku chache kipindi kiishe. Zamoyoni alimkuta ameshapoa. Alikaa kitandani karibu naye, akalia kwa sauti kama mtoto, na kwa muda huo hakukumbuka jimbo wala Mfumaji. Alikuwa mwenyekiti tena pale alipoona kupitia dirishani watu wa Mlimani wakiteremka na majembe mabegani.

Watani ndio wachimba kaburi. Siku nyingine wangechimba huku wakilalamika kwamba marehemu ni mnene, kaburi litataka ekari. Siku hiyo walichimba kimya. Ulisikika mchanga ukitua, basi.

Saa ya kutoa jeneza, uwanja ulijaa. Wanaume walilibeba, wakatamka shahada, wakavuka kizingiti. Na hapo kwenye njia, peke yake, katikati kabisa, alisimama Bi. Kolumba. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, ile ya zambarau ya sikukuu, aliyempa hakujulikana. Alikuwa ameinamisha mgongo na kuutupa mguu wa kushoto nje, mwendo wenyewe wa Bi. Somoe, mwendo mtupu, hata watoto waliutambua. Mtu mmoja kati ya waombolezaji alitoa sauti ambayo ilikuwa nusu kilio na nusu kicheko.

Wabebaji walisimama. Bi. Kolumba alipiga magoti, akalala kifudifudi mbele ya jeneza, kisha akainua kichwa na kufungua mdomo.

Hakulitazama jeneza. Alimtazama Zamoyoni.

Ilikuwa kazi ndogo. Zamoyoni alitakiwa kukaa tu, asifanye kitu. Alikuwa akimtaka mama yake atukanwe; alilitaka hilo kwa namna iliyomuuma kifuani, alitaka kusikia mguu tege na mchoyo na mla mbegu, na kicheko, na yule mama mwenye mwiko arudi kwa dakika mbili. Lakini juu ya kichwa cha Bi. Kolumba kulikuwa na nguzo, na juu ya nguzo sikio. Mlimani nzima ilikuwa uwanjani, Bondeni nzima ilikuwa uwanjani. Bi. Kolumba akianza, wote watajibu. Nyuzi mamia kwa mamia zitakatwa kwa saa moja, na siku zilizobaki hazitoshi kuzifunga tena. Aliwaza bomba. Aliwaza mabinti wa Bondeni na ndoo.

Akainua mkono, kiganja mbele, kama anavyofanya akimzuia diwani aliyezidisha muda.

Bi. Kolumba alibaki vile vile, mdomo wazi. Halafu aliufunga. Aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi magotini, akafungua ile kanga ya zambarau, akaikunja mara nne vizuri kabisa na kuiweka kwenye kizingiti. Alijisogeza pembeni. Jeneza likapita.

"Poleni sana wafiwa," alisema.

Sikio liliwaka kijani. Watu wa Mlimani, mmoja baada ya mwingine, wakasema vivyo hivyo.

4

Kipupwe kiliisha. Mfumaji alitoa ramani yake ya mwisho, na Jimbo la Mtonela likabaki moja, mpaka wake ukiwa mtoni kama zamani. Gervas alikuja mwenyewe na ile suti yake. Aliwaambia madiwani kwamba nyuzi kati ya Mlimani na Bondeni sasa zilikuwa nyingi kuliko za majirani wengine wowote katika kanda, na kwamba Tume ingependa kuitumia Mtonela kama mfano kwa wengine. Hakuomba radhi hata mara moja.

Madiwani walipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Nje ya dirisha, bombani, wasichana walikuwa wakichota na kumwagiana maji. Zamoyoni aliwatazama akajisikia vizuri, na hakuona sababu ya kujisikia vinginevyo. Watu elfu kadhaa hawatakunywa udongo. Hilo lilikuwa kweli siku ile, na ni kweli mpaka leo.

Kilichokuwa kimebaki ni kitu kimoja, na alikuwa amekingojea tangu mazishi. Alikuwa amekifanyia hata mazoezi, peke yake, mbele ya kioo. Kipindi kilikuwa kimekwisha. Masikio yangewaka tu bure, hayahesabu tena. Aliinuka kwenye kiti cha mwenyekiti, akajishika kiuno.

"Haya sasa!" alisema kwa sauti ya gulioni. "Mfungo umekwisha! Nyie wanyima maji, makoo yameshaota kutu? Bi. Kolumba, mwenye koo bovu kuliko wote, una lolote la kutuambia?"

Juu ya mlango wa ukumbi, sikio likawaka jekundu. Madiwani wa Bondeni walicheka mapema, kwa hamu, wakageuka kumtazama Bi. Kolumba. Zamoyoni alikuwa akitabasamu. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyebisha hodi kwao baada ya safari ndefu.

Bi. Kolumba alisimama. Alinyoosha kitenge chake. Akainamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa na kanuni za baraza, ambazo hakuwahi kuzifuata hata siku moja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "kwa heshima na taadhima, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii. Napenda kuipongeza Tume. Napenda pia kukupa pole kwa mara nyingine kwa kuondokewa na mama."

"Asante," alisema Zamoyoni. Tabasamu lilikuwa bado usoni, halijui pa kwenda.

"Wananchi wa Kata ya Mlimani wamekutana, Mheshimiwa, wamenituma. Hawana ugomvi na mtu. Wanaomba tu kufahamishwa, kwa unyenyekevu mkubwa." Sauti yake ilikuwa laini, haina hata chembe ya mzaha. "Ile mbegu ya Mwaka wa Kuhama, mtatulipa lini?"

Hakuna aliyecheka. Zamoyoni alimtafuta usoni, kwenye macho, kwenye pembe za mdomo, akitafuta pale mahali ambapo kicheko hujificha. Alimtafuta kwa muda mrefu.

Juu ya mlango, sikio likawaka kijani.